Kibao cha Mwisho Ukutani

Saa nne asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Aprili, simu ya Gaudensia iliegemezwa kwenye kopo la sukari, mezani jikoni, Tottenham. Kwenye kioo alionekana binti yake, Aikaeli, akiwa amesimama nje ya ukumbi wa mbao nchini Japani, ambako ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Aikaeli alikuwa huko kwa mwaka mmoja wa masomo, na alikuwa ameomba kujiunga na klabu ya upinde ya chuo. Ndani ya ukumbi, wakubwa wa klabu walikuwa wakiamua.

Kwa kawaida mwanafunzi wa mwaka mmoja hapokelewi. Miezi ya kwanza mgeni hapewi mshale. Huvuta kifaa cha mpira kinachofanana na manati hadi mabega yake yazoee. Isitoshe, wiki iliyotangulia, siku ya kukaribisha wageni, Aikaeli alikuwa amekosea.

"Ulimwamkia nani kwanza?" baba yake, Ambrose, aliuliza huku akifunga tai.

"Kuwabara. Yule mwenye ndevu. Nilimpita nahodha nikamwinamia yeye."

"Ndivyo nilivyokufundisha," Gaudensia alisema. "Unaanza na mwenye umri."

"Mama, Kuwabara ameingia chuo mwaka huu. Alifanya kazi kwanza, ndiyo maana ana umri. Hapa mkubwa ni aliyetangulia kuingia klabuni. Nahodha, Morishita, ana miaka ishirini."

"Ishirini. Na wewe una ishirini na mbili."

"Ndiyo. Na ni mkubwa wangu."

"Kitoto kama hicho."

Ambrose aliacha tai. "Mwanao ni njuka," alisema. Hilo ndilo jina walilopewa wageni wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni aliyosoma Moshi. "Mimi nilichelewa kuanza shule, nikaenda kidato cha kwanza na ndevu. Kiranja wangu alikuwa ananifika begani. Akinituma maji, nachota."

"Mbona hukuniambia hayo wakati unanichumbia?"

"Ungenikubali?"

Gaudensia alivaa koti; misa ilikuwa saa tano, na basi la Jumapili huja linapotaka.

"Leo umefanyaje?" Ambrose alimwuliza binti yake.

"Nimewahi. Nimedeki sakafu na wale wa mwaka wa kwanza. Kisha nimemwamkia Morishita, halafu wa mwaka wa tatu, halafu wa pili. Kuwabara nimemweka mwisho."

"Amekasirika?"

"Amecheka. Anasema wiki nzima wenzake wanamwita babu."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa na sauti ya kike ikaita jina lake. Aikaeli aliiweka simu juu ya begi, kioo kikiangalia juu, akaingia. Jikoni Tottenham waliona ukingo wa paa na kipande cha mbingu. Walisikia watu wakisema Kijapani, zamu kwa zamu, bila kukatizana. Kisha wakasikia Aikaeli akijibu kwa neno moja fupi.

"Tutachelewa," Gaudensia alisema, lakini alivuta kiti akakaa na koti lake.

"Padri hahami."

Aikaeli alirudi akiwa ameshika kitambaa kibichi.

"Wawili hawakutaka," alisema. "Walisema nitaondoka kabla sijajua kitu. Morishita akaniuliza kama niko tayari kuvuta mpira mpaka Agosti bila kugusa mshale. Nikasema ndiyo."

"Na hicho kitambaa?" Gaudensia aliuliza.

"Cha sakafu. Baada ya mazoezi tunadeki tena."

"Basi amepokelewa," Ambrose alisema.

"Mwache aseme mwenyewe."

Aikaeli aligeuza simu kuelekea mlangoni. Ukutani kulikuwa na safu ya vibao vidogo vya mbao vyenye majina, kuanzia cha nahodha, kwa mpangilio wa kuingia. Msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya kistuli akitundika kibao baada ya kile cha Kuwabara.

"Kipi chako?" Gaudensia aliuliza.

"Hicho cha mwisho, Mama."

Gaudensia aliisogeza simu karibu na macho yake. Msichana alikinyoosha kibao kwa kidole, akashuka.