Mkataba Ulio Chini ya Kitanda Changu

Basi wajukuu zangu, mkisikia kitanda changu kinalia kriii, msicheke. Kina mambo ya watu mle.

Kuna mafundi seremala wawili hapa jirani, mashemeji. Mmoja tunamwita Mrefu, mwingine Kipara, na Kipara kamuoa dada yake Mrefu. Walipofungua karakana yao hawakuwa na karatasi. Wakachukua ubao, wakaandika makubaliano kwa penseli, wakautundika ukutani. Seremala ni seremala tu, hata siri yake ataiandika kwenye mbao.

Mchana mmoja nimejilaza zangu, nasikia hodi. Mrefu huyo, na Kipara nyuma yake kanuna kama kameza msumari.

"Shikamoo mzee," Mrefu akasema. "Tunaomba uamke. Tunataka kusoma kitanda."

"Marahaba. Kusoma nini?"

Akakuna kichwa. Kumbe zamani, wakitengeneza kitanda changu, walipungukiwa chaga moja, zile mbao za kubebea godoro. Haraka haraka wakaushusha ule ubao wa ukutani, wakaukata. Maandishi wakayageuzia chini ili nisiyaone.

"Sasa shemeji anataka kutoka," Mrefu akasema. "Anataka akafanye milango yake peke yake, na karakana anasema ni yake. Mimi nasema ni yangu. Ubao ndio unajua."

Bibi yenu akatokea mlangoni na upawa mkononi. "Someni, lakini kitanda changu hakifunguliwi. Huyu mzee wangu mtamlaza wapi, juu ya kabati?"

Ikabidi waingie chini, bega kwa bega. Kipara akaenea vizuri. Mrefu miguu ikabaki nje hadi karibu na mlango, bibi yenu akawa anairuka kama mifereji. Mimi kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, nikakaa kwenye kigoda nikisikiliza.

Kipara akasoma: "Karakana ni yetu sote. Siku mmoja akitaka kutoka, karakana itabaki kwa..."

"Kwa nani?" nikauliza.

"Hapa pamekatwa, mzee."

"Nani kakata?"

"Msumeno alishika yeye," sauti ya Mrefu.

"Lakini kipimo ulipima wewe, shemeji."

Bibi yenu akainama. "Na kile kipande kiko wapi?"

Mrefu akasema polepole, "Shemeji alikitia motoni. Akachemshia chai."

"Nawe ukaomba kikombe cha pili," Kipara akamjibu.

Mimi mbavu sina. Hata miguu ya Mrefu pale mlangoni ikaanza kutikisika kwa kicheko. Kipara peke yake hakucheka.

"Cheka tu," akasema kule chini. "Watu wote wanasema wanaenda kwa Mrefu. Mlango nimeuchonga mimi, nimeupiga randa mimi, mtu anasimama mbele yangu ananiuliza, Mrefu yupo? Hata dada yako ananiuliza, leo kwa kaka kulikuwaje. Afadhali nikawe na changu."

Kicheko kikakatika. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na kibanzi.

"Mbona hukuniambia?" Mrefu akasema. "Wananitaja mimi kwa sababu kichwa changu ndicho kinachoonekana juu ya ua wa karakana. Umbo nililopewa nilifanyeje, shemeji?"

"Ungewaambia tuko wawili."

"Kweli. Sikuwaambia."

Bibi yenu akagonga upande wa kitanda kwa upawa. "Sikilizeni nyie mlio chini. Neno la kuwatenganisha mmelinywa wote wawili, tena kwa sukari yenu wenyewe. La kuwaunganisha bado lipo hapo mbele ya macho yenu. Mrefu, una penseli?"

Seremala hakosi penseli sikioni. Kipara ndiye aliyeandika, kwenye chaga ya pili, Mrefu akimmulikia kwa simu: karakana itaitwa Kwa Mashemeji, na mteja akimuulizia mmoja, ajibiwe, tupo. La kuachana hawakuandika. Nafasi ilikuwepo, ila Mrefu alisema shingo inamuuma.

Wakatoka na vumbi kichwani, kipara kile kimekuwa cheupe kama kimepakwa unga. Kibao kipya cha jina hilo kikatundikwa karakanani kesho yake, chini kidogo, usawa wa macho ya Kipara.

Taabu imebaki kwangu. Nikijigeuza tu kikalia kriii, bibi yenu ananibana ubavuni: "Taratibu, mzee. Usivunje ushirika wa watu."