Upande wa Pili wa Kofia Nyeupe

"Asiyejua kusikiliza haingii kwangu, Bilian! Hata aje na mjomba wake na mchungaji na katibu wa mtaa!"

Hivyo ndivyo jirani yangu Kong Sildamai, na kong kwetu ni dada mkubwa, alivyonipokea Jumapili ile, mikono kiunoni upande wake wa ua, na mimi upande wangu bado na gauni la kanisani, soksi zimelowa chepechepe.

"Dada yangu, hayo si maneno ya gazeti tu?" nikamwambia. "Tena ya miaka minne iliyopita. Gazeti la miaka minne si tushalifungia samaki wakavu?"

"Mimi sikulifungia samaki." Akalichomoa kwenye mfuko wa aproni, limekunjwa mara nane, akasoma kwa sauti ya kuamsha mtaa: "'Sauti ya Marla Dene ni chai iliyotiwa sukari hadi kijiko kikasimama. Hilo nalivumilia. Lakini upande wa pili wa kaseti! Dramu zinapigwa kama mtu aliyefungiwa chooni anaomba afunguliwe.' Umesikia? Chooni!"

Nikajing'ata ulimi nisicheke. Siku ile ilipotoka nilikuwa nimecheka hadi nikamwaga mchele.

Mwandishi mwenyewe ni Shanbor, kijana mpole kama mwanakondoo mpaka ashike kalamu. Kila Jumamosi gazetini anazihukumu albamu za watu, na mji wetu wote wa Shillong unamsoma ili upate wa kubishana naye. Sasa mwaka wa pili huu anampenda Ridahun, binti wa Kong Sildamai. Tena si binti hivi hivi, ni kitinda mimba. Na kwetu Wakhasi binti kitinda mimba ndiye mwenye nyumba. Anayemwoa hufungasha vitu vyake akahamia kwa mama mkwe. Kwa hiyo Kong hakuwa anatoa binti. Alikuwa anaingiza mwanamume mwenye kaseti mia sita, na neno juu ya kila moja.

Mjomba mtu alisharidhia. Alibaki mama. Na mama huyu, tangu afiwe na mumewe, alilea watoto watatu akipiga pasi nguo za watu huku albamu moja inazunguka, ile ya Marla Dene yenye kofia nyeupe kwenye jalada. Sisi majirani tunaijua kwa lazima. Ukuta ni mbao.

"Naweka Marla wangu, yeye ananikunjia uso," akasema. "Kila siku! Mpaka nife!"

"Atakunja kimoyomoyo."

"Nitauona."

Saa tisa kijana akaja, mwavuli mkononi, viatu vinang'aa licha ya mvua. Kong akamwekea kisahani cha tambuu na popoo kibarazani. Lakini tambuu hata mpita njia anapewa. Wali ndio neno, ukipewa umekubaliwa. Harufu ya jadoh ilikuwa inatoka jikoni, wali wa nyama ya nguruwe na manjano, na hakuna aliyeutaja wali. Mimi nilikwenda kumtia moyo kijana. Majirani wengine wakakumbuka ghafla kuja kuazima chumvi. Baraza likajaa.

"Mei," Shanbor akaanza, akimwita mama kwa Kikhasi, "nimeisikiliza tena ile albamu. Ni albamu... kubwa."

"Kubwa kama nini?"

"Kubwa tu, Mei."

Ridahun akafunika uso kwa kiganja.

"Na dramu zake?"

"Dramu nazo... zimekua."

"Zimekua! Humo humo ndani ya kaseti!" Kong akawageukia waazima chumvi, kisha akamrudia. "Mwanangu, upande ule wa pili nimeusikiliza miaka kumi na mitano. Hauna dramu. Hauna hata kijiti. Ni piano na yule mwanamke, mwanzo mpaka mwisho. Sasa hicho choo ulikisikia wapi?"

Nikasema moyoni, kwisha, huyu anarudi kwao na kaseti zake.

Lakini akanyanyua kichwa. "Mei, kwa mengine nitainama. Dramu nilizisikia." Akatoa kaseti kwenye mkoba. Ilikuwa ya kunakiliwa, ya kibanda cha sokoni Iewduh, kama tulizonunua sote. Ridahun akaitia kwenye redio, upande wa pili, akairudisha hadi mwanzo kabisa.

Kwanza mkwaruzo wa kaseti. Halafu sauti ya mwanamume mwenye mafua: "Wei! Ar! Lai!"

Moja, mbili, tatu, kwa Kikhasi chetu safi. Dramu zikaporomoka.

"Marla alijifunza Kikhasi lini?" Kong akauliza kwa upole.

Baraza likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mafua yale nayajua, nimelala pembeni yake miaka ishirini na miwili. Ni mume wangu Restar, enzi zake akipiga na bendi ya harusi. Yule mwenye kibanda cha kunakilia kaseti alikuwa rafiki yao. Bila shaka alikosa upande wa pili, akajazia alichokuwa nacho. Na makala ile nilimsomea Restar mimi mwenyewe, kitandani, na yeye ndiye aliyecheka kuliko mimi!

"Bilian, mbona kimya?"

"Nasikiliza, dada. Si ndiyo siku yake?"

Kong akamgeukia Shanbor. "Na wewe, mwenye sikio la gazeti, hiyo wei-ar-lai hukuisikia?"

Angeweza kusema kaseti ilikuwa mbovu. Niliona uongo ule umekaa tayari mdomoni mwake. Akaumeza.

"Sikuanzia mwanzo, Mei. Gazeti lilikuwa linaningoja. Nilipeleka kaseti mbele, nikasikia kama dakika mbili, nikinyoa ndevu. Nikaandika."

"Ukinyoa ndevu."

"Shavu moja tu."

Kong akaingia ndani, akarudi na kaseti yake halisi. Akamsogezea kigoda mbele ya redio. "Kaa. Leo hakuna kunyoa."

Shanbor alisikiliza nyimbo zote tano za upande ule, mikono magotini. Katika ule wa mwisho, pale sauti ya Marla inapokatika kwenye neno la mwisho, akavua miwani.

"Haya, mwandishi. Sema."

"Wa nne ni mrefu bila sababu."

Ridahun akampiga teke. Mimi nikashika nguzo.

"Na upande wa kwanza kwangu bado ni sukari," akaendelea. "Lakini huu wa tano, Mei... wangemrekebisha pale alipokatika, wangeuua wimbo. Sikujua anaweza hivyo. Nilimdhulumu."

Kong akamtazama mpaka nikahisi njaa.

"Wa nne kweli ni mrefu," akasema. "Hapo huwa nakwenda kuongeza makaa ya pasi."

"Na dramu za mume wangu je?" nikadakia. Sikuweza kuvumilia zaidi.

"Mume wako?" Shanbor akageuka rangi. "Kong Bilian, mimi..."

"Ole wako useme zimekua!"

Kong alicheka hadi akajipangusa macho kwa aproni. Kisha akasukuma mlango wa jikoni, mvuke ukatujia usoni.

"Shanbor, mwanangu, vua viatu uingie ule. Na wewe Bilian, kamwite mumeo."