Mkono Uliokatwa Pichani

Mzee Chandrakant aliingia steshenari ya Bernadeta Jumatatu asubuhi, wiki mbili tangu msiba wa mkewe. Aliweka kamera yake juu ya kaunta, akaitikia shikamoo, akasema alichokuja kutafuta. Alitaka arudishiwe mkono.

Bernadeta hakuuliza mkono upi. Yeye ndiye aliyesema ukatwe.

Klabu yao ya wapiga picha wa kujifurahisha hukutana kila Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha steshenari hiyo, mtaani Mabatini, na ina kanuni zake. Picha huonyeshwa kwenye runinga bila jina. Kila mtu husema kwanza jambo moja zuri, kisha moja la kurekebisha. Mwenye picha hafungui mdomo mpaka wote wamalize, na picha haitumwi kwenye simu za watu, kwa sababu Yeremia aliwahi kuikuta ya kwake kwenye kalenda ya mtu asiyemjua. Kanuni hizo alizitunga Bernadeta, na kwa kweli alizipenda kupita kiasi.

Mwezi uliotangulia ilitokea picha ya kikombe cha chai dirishani. Mvuke ulipanda kwenye mwanga wa asubuhi mpaka mtu akatamani kuupuliza. Upande wa kushoto ulijitokeza mkono wa mwanamke, wenye bangili za kioo za kijani, umeshika kijiko. Yeremia alisifu mwanga. Winnie alisifu mvuke. Bernadeta akainuka, akaenda hadi kwenye runinga na kuufunika ule mkono kwa daftari lake.

"Mnaona? Mkono unavuta jicho bure. Ukatwe, kikombe kibaki peke yake."

Wote waliguna kwa kukubali, maana picha ilitulia papo hapo. Mzee Chandrakant, ambaye picha ilikuwa yake, aliandika kila neno. Alipofika nyumbani akaukata mkono, akaihifadhi picha mpya mahali pa ile ya zamani. Kisha akaifuta kadi ya kamera ili aende nayo kwenye matembezi ya klabu kule Bujora, kupiga picha za wacheza ngoma. Kufuta kadi kabla ya safari nako lilikuwa shauri la Bernadeta.

Wakati huo Pinal, mkewe, alikuwa mzima, anapika na kufoka jikoni kama kawaida. Presha ikamwangusha ghafla.

"Picha za harusi ninazo, ya pasipoti ninayo," mzee alisema pale kaunta. "Lakini kamera yangu alikuwa anaikimbia. Miaka yote nilimpata mara moja tu, tena mkono."

Siku tatu Bernadeta alihangaika na ile kadi, programu hii na ile, wateja wakingoja fotokopi zao na kununa. Wacheza ngoma wa Bujora walitoka wote, hata wale waliopigwa vibaya. Chini yao, kwenye picha zilizofutwa, hakukuwa na kitu. Alilia, akajitukana kwa Kisukuma, akaanza upya, ikawa yale yale.

Siku ya nne alimwita mzee, akiwa ameshaandaa la kusema.

"Mzee, tumwombe mwanao Hetal avae bangili za mama yake, akae dirishani pale pale, nimpige mkono. Nitauunganisha vizuri, hakuna atakayejua."

"Bangili zilikwenda naye siku tulipomchoma kwa mila yetu," mzee alisema. "Na mimi nitajua."

Hakugomba. Laiti angegomba! Bernadeta alitaka atukanwe, aitwe mjuaji, aambiwe asisimame tena mbele ya picha ya mtu. Mzee alivuta kiti tu, akakaa, akakitazama kile kikombe kwenye kompyuta kwa muda mrefu.

"Imekuwa nzuri," alisema. "Hapo ulisema kweli." Kisha akamgeukia. "Binti yangu, tangu jana najaribu kukumbuka kijiko alikuwa anakishikaje. Kwa vidole viwili, au vitatu? Sipati. Wewe siku ile ulisimama karibu, uliuangalia ule mkono. Ulikuwaje?"

Bernadeta alitafuta kichwani, kwanza kwa haraka, halafu kwa hofu. Aliliona daftari lake likiwa juu ya kioo cha runinga, akasikia watu wakiguna. Zaidi ya zile bangili, alichokumbuka ni kwamba ule mkono ulikuwa kushoto, na kwamba ulikuwa unasumbua.