Mwizi wa Ndani ya Sanduku

Walimwita Nukta, jina alilojipa mwenyewe, maana mtu mwenye kimo cha meza asipojicheka yeye kwanza, watu watamcheka bila yeye. Katika filamu ya vichekesho kuhusu mpelelezi mbumbumbu, alipewa nafasi ya mwizi anayejificha ndani ya sanduku. Alikuwa na sentensi kumi na nne, na mwishoni ni mpelelezi anayefungiwa sandukuni, huku mwizi akiondoka kwa miguu yake. Wazo hilo lilikuwa la Nukta.

Alikuwa na sababu. Miaka sita sasa baba mkwe wake alikuwa akimtangazia kila mtu kwamba binti yake hakuolewa, kapewa mtoto wa kulea. Nukta alitaka mzee amwone mara moja tu, mbele ya watu, akimshinda mtu mrefu.

Lakini filamu ilikuwa lazima ipite serikalini kwanza, ikaguliwe: wanawake wangapi wanazungumza, wazee wangapi, na nani anadhalilishwa. Mkaguzi alikuwa mama mwenye huruma nyingi kuliko masikio. Aliketi chumba cha uhariri na saa mkononi, akihesabu sekunde na kujaza fomu, na kila sanduku lilipofunguliwa alifumba macho. Alipokutana na Nukta kwenye korido alimwinamia, akamshika kichwa, akamuuliza kama anaumia. Nukta akamweleza kwamba sanduku ni wazo lake na anayechekwa ni mpelelezi. Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika: "Mwigizaji amezoea dharau hadi anaitetea." Ukisikia kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, ndiko huko.

Filamu ikapata alama thelathini na nane kwa mia. Mtayarishaji akapewa wiki moja airekebishe. Kupiga picha upya kulitaka siku nyingi, kukata kulitaka alasiri moja.

"Mtoe," alimwambia mhariri. "Asipokuwepo, hajadhalilishwa."

Hakuna aliyejisumbua kumwarifu Nukta. Fomu iliuliza habari za wanaodhalilishwa, haikuuliza za wanaofutwa, na alama zikapanda hadi tisini na moja.

Jumamosi mchana, kwenye uzinduzi wa filamu, Nukta alimketisha mkwewe safu ya mbele, yeye na mkewe pembeni yake. Mpelelezi alikimbia huku na huko, akafungua sanduku, ndani mlikuwa na nguo tu. Ukumbi ukacheka. Nukta akamnong'oneza mkewe kwamba bado, sehemu yake inakuja. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Kufikia katikati ya filamu alikuwa ameuachia. Majina ya waigizaji yakapita mwishoni, lake halikuwemo.

Taa zilipowashwa mzee aligeuka.

"Ulikuwa wapi?"

Mkaguzi akawafikia, cheti cha ukaguzi mkononi, uso umejaa furaha.

"Mzee, huyu tumempigania," alisema. "Walikuwa wamemfanya kichekesho. Sasa hayumo kabisa."

Mzee alikuwa hajacheka filamu nzima. Alikichukua cheti, akakisoma polepole mpaka kwenye mhuri, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Miaka sita nasema binti yangu hana mume," alisema. "Leo hata serikali imeweka saini."

Nukta akamtazama mkewe. Mkewe alijikaza, akaziba mdomo kwa kiganja, akashindwa, akacheka na baba yake.