Sufuria Haitoki Bila Shangazi

Nilitoka Arua asubuhi nikiwa na furaha tele. Umoja wa akina mama wa Koboko, wanaoazimisha masufuria makubwa ya harusi, walikuwa wameibiwa tena, wakaniita niwapangie ulinzi. Mimi Hawah, niliyechoka kupekua mikoba ya watu mlangoni mwa duka! Mwenyekiti wao, Mama Zuhurah, hakunificha kitu. "Mpango wako ukikamilika, nitatuma watu wangu wajaribu. Wakitoa hata mfuniko, rudi Arua kwenye mikoba yako. Wakishindwa, kazi ya ulinzi ni yako."

Haya! Nikaziba mlango wa nyuma wa stoo yao, nikakata matawi yaliyoegemea ukuta, nikabakiza lango moja tu. Langoni nikamweka Betty, binti kutoka kijiji cha Dranya, mbishi kama nini. Sheria yetu: kuingia ruhusa, lakini sufuria haitoki mpaka shangazi wa bibi harusi asimame pale kwa miguu yake. Barua mtu ataghushi, kwenye simu atadanganya. Shangazi wa bibi harusi, Koboko nzima inamjua.

Siku ya jaribio ikafika. Akaja kijana wa kuuza maji, akatoka na gunia. Betty akalifungua, akakuta mifuniko, akamrudisha. Akaja fundi umeme ambaye hatukumwita. Huyo naye akatoka mikono mitupu, Betty anamcheka. Wallahi, nilitaka kurukaruka!

Mara vigelegele. Wanawake wakaingia na ngoma, wanapiga kelele, "Harusi yetu leo! Nyama iko tayari, sufuria hakuna!" Wakanishika mkono. Sasa ngoma ile mtu anasimamaje? Nikacheza. Nikacheza mpaka nikajikuta nina sufuria kichwani, jasho linatiririka, naelekea langoni nikipiga vigelegele kuliko wote.

Betty akasimama katikati ya njia. "Shangazi iko wapi?"

"Anakuja nyuma, pisha!"

"Mimi siioni. Rudisha."

Damu ikanipanda. "We Betty! Unanijua mimi nani? Sheria hiyo nimeitunga mimi! Pisha, la sivyo leo hii hii unarudi Dranya!"

"Sawa, nirudi. Lakini sufuria inabaki."

Ngoma ikanyamaza. Kati ya wale wanawake kikatoka kicheko ninachokijua. Mama Zuhurah, amejifunika mtandio mpaka machoni, anacheka mpaka anashika ukuta. "Jamani, Hawah! Nimeleta wezi wangu wote, kumbe mwizi ni wewe!"

Niliona aibu, sijui niuweke wapi uso. Nikaitua sufuria. Betty akaitazama kama ina mfuniko wake, akairudisha stoo.

"Hakijatoka kitu," Mama Zuhurah akasema. "Kazi ni yako."

Vigelegele vikalipuka upya, nikabebwa juu juu. Betty akangoja nishushwe, akanisogelea na mkoba wake begani.

"Sasa mimi, narudi Dranya ama?"

Nikamvua ule mkoba, nikamkumbatia mbele ya wote.