Nyumba Iliyopigwa kwa Namba Nne

Nyumba ya Colombe ilipoteza kingo zake siku ya Jumapili, saa nane mchana, kwa sababu ya picha.

Ilikuwa nyumba ya mbao, vyumba viwili, nyuma ya ghorofa ya shemeji yake Honoré, ndugu wa marehemu mumewe Mugisho, huko Muhumba kando ya ziwa. Siku hiyo Honoré alikuwa anamwoza binti yake na ua ulijaa wageni. Stanislas, mpiga picha wa Nyalukemba, alimsimamisha mbele ya kamera yake ndogo.

"Papa Stani," Honoré akasema, "nyuma uniwekee flou. Ile mbao ya muke wa marehemu isionekane."

Flou ni ule ukungu wa nyuma ya mtu. Siku hizi kila mteja anautaka, maana simu zimewazoesha. Stanislas alizungusha pete ya lenzi mpaka namba nne, kama alivyoonyeshwa na aliyemuuzia, akapiga. Picha ilitoka safi. Kope za Honoré zingeweza kuhesabiwa. Nyuma yake kulikuwa na rangi tu, kama chai ya maziwa.

Jioni nyumba yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Colombe alijaribu ufunguo mara tano, kwa kuwa kitasa hakikuwa na mahali maalum. Balbu ya ndani ilionekana dirishani kama sahani kubwa ya mwanga. Kuku walitafuta kizingiti, wakachoka, wakaenda kulala kwa jirani. Kesho yake majirani walikuwa wameshaanza kuelekeza watu: "Fika ku nyumba ya flou, kisha kata kushoto."

Jumatatu asubuhi Colombe alikwenda Nyalukemba, kibandani kwa Stanislas. Hakuketi.

"Papa Stani, nyumba yangu iko flou."

"Tangu jana?"

"Tangu ile foto yako."

Stanislas akasema inatokea. Mwaka uliopita alimpiga picha hivyo ng'ombe wa mahari, na ng'ombe huyo alikaa wiki mbili bila pembe zake kueleweka. "Itapita yenyewe, maman."

"Jeudi géomètre anakuya kupima parcelle yote. Honoré anatafuta karatasi ya hii udongo. Na kitu ya flou hawapimake. Isipoandikwa, inakuwa ya Honoré."

Stanislas akafunga kibanda, akaenda naye kuiona.

Jumanne alijaribu kwanza kuipiga picha nyumba bila mtu mbele yake. Kamera ilitafuta kingo, haikuzipata, ikalia mara tatu, ikakataa. Ilitaka uso mbele, kama siku ile. Walimwomba Honoré asimame tena. Alikuwa barazani juu, na kijiti cha meno mdomoni.

"Shemeji, nyumba yako ata kabla ya foto ilikuwa flou," akasema, na wageni waliobaki wakacheka.

Basi Colombe akasimama mwenyewe pale alipokuwa amesimama Honoré. Stanislas alijua jambo moja, akamweleza: tundu la lenzi likiwa kubwa linaleta flou, likiwa dogo linaiondoa. Alihitaji tundu dogo, kwa hiyo alichagua namba ndogo. Akaweka mbili, akapiga.

Chumba cha nyuma kikaondoka. Hakikuwa na ukungu tena, hakikuwapo tu, na kiliondoka na kitanda na cherehani. Colombe alizunguka kwenda kuangalia, akarudi.

"Ile tundu, umefungua ao umefunga?"

"Nimefunga. Mbili iko kadogo."

"Nani alikuambia?"

"Namba yenyewe inasema."

Stanislas aliacha shule darasa la tano, pale wanapoanza kufundisha hesabu za sehemu. Colombe hakusoma kumpita, lakini aliolewa katika familia ya kugawana. Akachukua kijiti, akachora mraba chini.

"Hii ni parcelle ya babamukwe. Ukiigawa mara mbili, kila mutu anapata fasi ya namna gani?"

"Munene."

"Watoto yake walikuwa munane. Ukiigawa mara munane?"

"Kadogo."

"Basi. Mugisho wangu alipata kale kadogo. Wengine walienda mbali, wakamuachia Honoré. Ndiyo maana miye naenea hapa tu."

Stanislas aliutazama mchoro, kisha pete ya lenzi. Ile namba ya kwenye pete haikuwa ukubwa wa tundu. Ilikuwa hesabu ya wagawanaji: wakiwa wengi, tundu linakuwa dogo.

"Miaka sita niko na hii kamera," akasema.

"Na hakuna mutu alikufundisha? Sisi tulipigana juu ya hii hesabu mpaka ku matanga."

Jumatano mvua ilinyesha mchana kutwa, na tundu la namba nane haliingizi mwanga wa kutosha siku ya mvua. Alhamisi saa tatu jua lilitoka nusu. Géomètre Emile alikuwa tayari getini na mkanda wake wa kupimia. Stanislas akaweka nane. Aliikalisha kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana tundu dogo linataka kungojewa, na mkono wa mtu hautulii.

"Usipumue, maman."

Colombe hakupumua. Nyuma yake mbao zikarudi moja moja, kisha misumari, kisha ufa wa dirisha. Chumba cha nyuma hakikurudi. Ziwa nalo likawa wazi, na ng'ambo, upande wa Rwanda, mtu aliweza kuhesabu nguo kwenye kamba.

Emile aliiangalia nyumba, akagusa ubao mmoja.

"Naiona muzuri, maman. Iko hapa."

"Sasa pima."

Emile akafungua dossier, faili la kiwanja. Picha ya Jumapili ilikuwa imebandikwa ukurasa wa kwanza. Honoré aliipeleka ofisini Jumatatu, na muhuri ulikuwa umepita juu ya shavu lake.

"Ku dossier iko flou," Emile akasema. "Miye napima kufuata dossier."

"Foto mupya iko hapa," Stanislas akasema.

"Ile ya kwanza ndiyo iko na muhuri, papa."

Honoré aliagiza Emile aletewe kiti. Mkanda uliingia kwa mlango wa Colombe, ukapita juu ya meza yake, ukatokea dirishani. Haukusimama, na nyumba haikuandikwa.

Jumatatu iliyofuata nyumba ilivunjwa. Ilikuwa wazi kabisa, kwa hiyo kila kitu kilihesabika: mbao mia moja na kumi na mbili, mabati kumi na manane, mlango mmoja, dirisha moja, masufuria manne. Colombe alikwenda na masufuria kwa dada yake anayeishi Luberizi. Ardhi ilikuwa hatua kumi na nne kwa tisa. Alikuwa ameishi hapo miaka kumi na tisa.