Marehemu na Taarifa ya Habari

Siku waliyokata kebo, Msoma Mita alipanda juu ya kiti cha plastiki, akachomoa waya nyuma ya televisheni, akaushusha ukutani msumari kwa msumari. Mkewe, Mama Pacha, alikishika kiti kisiteleze. Pale king'amuzi kilipokuwa kimekaa miaka yote palibaki mraba msafi uliozungukwa na vumbi, na mende mmoja ambaye kwa kumtazama tu ungejua hapendi mabadiliko.

"Hatufungi televisheni, mama," alisema Msoma Mita, akiviringa waya kwenye kiwiko. "Tunahama tu. Bili ya kebo imepanda tena, na mimi kazini wamenipunguzia mitaa ya kusoma. Huku kwenye mtandao tunalipa robo yake, tunatazama chochote, saa yoyote."

Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anapinda mapazia ya watu. Hakusimamisha gurudumu.

"Na baba yako?"

"Baba atatazama hukohuko."

"Baba yako simu ya kubonyeza ilimshinda akiwa mzima."

"Kule kuna kila kitu, mama. Saa yoyote."

"Saa yoyote ndiyo saa ngapi?" aliuliza mshonaji. "Mtu akikuambia atakuja saa yoyote, huyo haji."

Msoma Mita alifunga waya kwa kamba ya kiatu, akauweka juu ya kabati, kwa sababu nyumba ile haikutupa kitu.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa anamaliza mwaka wa tatu tangu afe. Kila jioni, mlio wa taarifa ya habari ukianza, aliingia kwa mlango wa jikoni, kwa kuwa buti zake zilikuwa na vumbi, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasikiliza mpaka hali ya hewa. Hakula wala hakunywa, na neno halikumtoka. Hali ya hewa ikiisha alinyanyuka, akatokea alikoingilia. Chini ya kiti alibakiza magamba ya kutu, na Mama Pacha akayafagia asubuhi.

"Baba mkwe wangu ni mtu mwema," Mama Pacha alizoea kusema, "lakini miguu hakufuta alipokuwa hai, na sasa ndiyo kabisa."

Alichokuwa anakisubiri kilijulikana. Fundi alifia kwenye ghala la mabati. Alichukuliwa kibarua cha siku moja kwenda kukaza paa, maana ghala lililowauzia mabati watu wote wa mji lenyewe lilikuwa linavuja. Paa lilianguka kabla ya adhuhuri. Jioni ile mkewe alikaa mbele ya televisheni, kofia ya mumewe ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mapajani mwake. Mtangazaji alinyoosha tai, akasema kwamba paa la ghala moja limeanguka, kwamba hasara bado inakadiriwa, na kwamba hakuna aliyefariki wala kujeruhiwa. Kisha sauti nyingine, tamu kuliko ile ya kwanza, ikasema taarifa hii imeletwa kwenu na muuza mabati. Muuza mabati huyo ndiye aliyekuwa mwenye ghala.

Kesho yake wakamzika mtu ambaye hakufa. Jioni ya mazishi, watu wakiwa bado wanarudisha viti vya kuazima, Fundi aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaa, akasikiliza kama wamesahihisha. Hawakuwa wamesahihisha. Akaondoka bila kinyongo, akarudi siku ya pili, na tangu hapo hakukosa.

Jioni ya kwanza bila kebo mlio haukulia, na kiti cha dirishani kilibaki kitupu. Mshonaji aliacha mlango wa jikoni wazi mpaka mbu wakajiona wenyeji. Mwishowe hodi ilipigwa mlango wa mbele. Alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu neno halikulala kwake.

"Shemeji, mzee wako yuko kwangu."

"Anafanya nini?"

"Alisimama dirishani, anatazama habari kwa nje kama mtoto asiye na kwao. Nikaona aibu, nikamwingiza, nikampa kigoda." Redio alijikuna shingo. "Mimi sina neno naye. Ila mechi ikianza nabadilisha, shemeji, isiwe nongwa."

Mshonaji alitupia mtandio mabegani, akavuka. Alimkuta Fundi juu ya kigoda, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mechi ilikuwa imeanza. Fundi aliutazama mpira bila kuufuata. Mke wa Redio alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, anatabasamu kwa shida.

"Twende nyumbani," mshonaji alimwambia mumewe. "Mtu mzima hatazami habari majumbani mwa watu."

Fundi alinyanyuka, akamfuata. Njiani mshonaji alipunguza mwendo ili wawe sambamba. Siku nyingi hawakuwa wametembea pamoja, na hata hizo hatua chache za kuzunguka ukuta aliziona fupi.

Ilibidi sasa Fundi aandikishwe. Televisheni ya mtandao ilikuwa na tabia ya kuuliza, kila ilipowashwa, nani anatazama, na nafasi za nyuso, yaani picha za watazamaji, zilikuwa tano. Msoma Mita alikuwa na yake, Mama Pacha yake, pacha kila mmoja ya kwake, kwa kuwa vinginevyo wangeng'oana nywele, na ya tano alipewa mshonaji. Alipewa picha ya bundi, bila mtu kukusudia ubaya.

"Huyo bundi wenu mfuteni," alisema mshonaji. "Mwandikeni baba yenu."

Mama Pacha alishika rimoti, akaandika jina herufi moja moja. Kioo kikauliza umri.

"Mama, baba ana umri gani sasa?"

Tangu mazishi, mshonaji alikuwa ameanza kumhesabia upya. Ile miaka mingine aliiona imefungwa, kama duka ambalo mwenyewe kahama.

"Wa tatu huu," alijibu.

Mama Pacha akaandika tatu. Kioo kikageuka rangi ya waridi, kikapiga kengele, kikamkaribisha Fundi katika ulimwengu wa watoto.

Hivyo ndivyo Fundi, mtu aliyechomelea mageti ya nusu ya mtaa, alivyoanza kutazama katuni. Mshonaji aliwasha televisheni saa ileile ya zamani, na kengele ilipolia marehemu aliingia kwa mlango wa jikoni. Alitazama bata wanaofundisha kuhesabu na magari yenye meno. Kila mnyama alipofungua kinywa, Fundi aliinama mbele kidogo, ili akilitaja lile la ghala lisimpite. Pacha walimkalia pembeni, mmoja huku, mmoja kule, wakamweleza nani mbaya na nani mzuri.

Walijaribu kumhamishia kwenye uso wa Msoma Mita. Huko habari zilikuwepo, lakini zilikuja vipandevipande, kila mtu akiletewa azipendazo, bila mwanzo na bila hali ya hewa. Fundi alichungulia kidogo, akanyanyuka. Habari isiyo na saa haisubiriki.

Msoma Mita akapiga simu kwa wenye huduma. Alipokewa na binti mwenye sauti ya kutabasamu.

"Umri haubadilishwi na mtu mwingine, kaka. Mwenyewe aje na kitambulisho."

"Mwenyewe amefariki."

"Pole sana. Basi tutumie cheti cha kifo."

"Hatuna. Kila tunapokwenda tunaambiwa siku ile hakuna aliyefariki."

"Kwa hiyo yupo?"

Msoma Mita alimtazama baba yake, ambaye alikuwa anamsikiliza bata.

"Kuwepo yupo," alisema. "Ila hayuko hai."

Upande wa pili vidole vilisikika vikigonga.

"Kaka, hapa nina mawili tu, yuko hai au ana cheti. Huyo wako hayumo. Nikusaidie lingine?"

Msoma Mita alisema hana lingine. Binti alimshukuru kwa kuwa mteja wao.

Jioni moja mshonaji alisimamisha cherehani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, akimziba kioo. Pacha wakalalamika, akawanyamazisha kwa jicho.

"Fundi, nisikilize mimi," alisema. "Ulikufa. Ulikufa kwenye ghala la mabati, paa lilikuangukia. Nilikuona kwa macho yangu kabla hawajakufunika. Nimekuzika, na udongo niliutupia kwa mkono huu. Umesikia?"

Fundi aliitikia kwa kidevu, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa chai iko mezani. Kisha akainamisha shingo upande ili aone kioo nyuma ya bega la mkewe. Yaliyosemwa nyumbani, kwake hayakuwa habari.

Mshonaji alirudi kwenye cherehani. Pindo alilolishona baada ya hapo lilikwenda mrama tangu mwanzo hadi mwisho, akalifumua lote, na mwenye pazia alipokuja aliambiwa umeme ulikatika.

Ikawa kwamba katuni iliyoletwa wiki ile ilikuwa ya sungura wanaojenga nyumba. Pacha walikwisha kuikariri. Sungura waliingia ndani mmoja mmoja, huyu na kapu, yule na ufagio, mwingine na ndoo, na wa mwisho, mwenye nyundo, akapanda ngazi hadi juu ya paa. Paa likaanguka. Likatoka vumbi jingi la kuchekesha. Kisha sungura wakatoka wanakung'uta masikio, wakashikana mikono, wakaimba wote wazima, wote wazima.

Fundi alisimama. Haikuwa imewahi kutokea asimame kabla ya mwisho. Alisogea hadi kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye kioo, pale mabati yalipolala.

"Nini, baba?" aliuliza Mama Pacha.

"Irudishe nyuma," alisema mshonaji.

Wakairudisha. Waliingia wa kapu, wa ufagio, wa ndoo, na yule wa nyundo akapanda juu. Vumbi lilipotulia walitoka wa kapu, wa ufagio, wa ndoo. Wa nyundo hakutoka. Waliokuwa wanacheza hawakugeuka kutazama. Pacha, ambao walikuwa wanaufuatisha ule wimbo, waliuacha katikati.

"Mchoraji kapitiwa tu, baba," alisema Mama Pacha taratibu.

Fundi hakuondoa kidole.

"Hakupitiwa," alisema mshonaji.

Toka jioni ile Fundi hakutaka katuni nyingine. Mashine ilimjua upesi, kama inavyowajua wote, ikawa inamwekea sungura mbele kabla ya kuombwa. Mwezi ulipoisha Msoma Mita alipiga hesabu, akakuta kweli wameokoa pesa, tena si haba. Pacha wakanunuliwa viatu. Mama Pacha akanunua brashi ngumu, kwa kuwa alama ya kutu pale kwenye kioo haikukubali kitambaa. Haikukubali brashi pia, wakaizoea.

Saa ile ya jioni, mlio wa taarifa ya habari unasikika bado, unapita ukutani kutoka kwa Redio. Kisha inakuja ile sauti tamu, inasema taarifa hii imeletwa kwenu na muuza mabati, ambaye siku hizi ana ghala jipya, kubwa kuliko lile. Fundi akisikia hutega sikio. Mtangazaji anasoma, anamaliza, anatakia watu jioni njema.

Upande huu wa ukuta wimbo wa sungura unakwisha. Kioo kinaingia giza, kinauliza kwa herufi nyeupe, bado unatazama? Vidole vya Fundi havina uzito wa kubonyeza. Anageuka kumtazama mkewe. Mshonaji anachomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, anachukua rimoti, anambonyezea ndiyo, na paa lililoanguka linaonekana tena likiwa juu, zima, na sungura mwenye nyundo anaanza kupanda ngazi.